Julai Imefika na Tokeni Zinaisha Kama Mandazi ya Asubuhi: Mbona Stima Inatumaliza Hata Huku Mbita Kusiko na Baridi?

Msee, hebu tuongee kuhusu ile SMS. Unajua ninayosema. Unatuma soo mbili kwa Paybill 888880, simu inatetemeka, unaona zile namba ishirini za tokeni, halafu macho yanashuka mpaka pale kwa yuniti na unaanza kujiuliza kama meseji imekatika njiani. Haijakatika. Ni hizo tu.

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti huu wimbo unarudi. Watu wa Nairobi ndio huanza kuuimba mtandaoni: baridi imezidi, shawa imekula tokeni, rent haijalipwa. Na hao wanaeleweka. Asubuhi ya Julai kule Limuru ukitoa mkono nje ya blanketi unaurudisha mbio. Lakini mimi niko Mbita, omera. Hapa Julai ni upepo wa ziwa tu, mchana bado unatembea na tisheti, na usiku shuka moja inatosha. Sijawahi kuona hita ya chumba kwa keja ya mtu hapa, tangu nizaliwe. Sasa mbona na sisi tunalia mwezi ule ule, na mbona wengine wetu tunalia zaidi Septemba, baridi ya Nairobi ikiwa imeshapita?

Nilitaka kujua, kwa hivyo nikakaa chini na kalkuleta. Niliacha kampasi mwaka wa pili na sijifanyi injinia, lakini kuzidisha na kugawanya hawakuninyang'anya pale getini.

Tuanze na baridi yenyewe, maana iko na makosa yake. Yuniti moja ya stima ni kitu cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima. Balbu ya LED ya wati 9 inaweza kuwaka zaidi ya saa mia moja kabla ikule yuniti moja. Kuchaji simu hata usihesabu, wacha kugombana na wageni. Lakini ile shawa ya papo hapo, ile inakaa juu ya kichwa, nyingi zinavuta wati 5,000 hivi. Oga dakika kumi na umemaliza yuniti 0.83. Sasa weka nyumba ya watu wanne, kila mtu dakika kumi, kila siku, mwezi mzima. Hizo ni yuniti 100. Kuoga tu! Hujapika, hujapiga pasi, hujawasha woofer.

Baridi inaongeza hapo kwa njia mbili. Moja, mtu hataki kutoka kwa maji, dakika kumi zinakuwa kumi na tano. Mbili, maji yenyewe yanaanza safari kutoka mbali. Chukua ndoo ya lita 20. Kuitoa digrii 25 mpaka 40 za kuoga inahitaji kama yuniti 0.35. Ukianza na maji ya digrii 18, vile yanaweza kuwa kwa tangi la Nairobi Julai, ni yuniti 0.5 na kitu. Ndoo ni ile ile, mtu ni yule yule, lakini stima imepanda karibu nusu.

Huku kwetu maji ya ziwa hayapoi hivyo, kwa hivyo ungedhani tumeponea. Shida ni kwamba wengi wetu miezi mingine hatupashi maji hata kidogo. Februari nani anaoga maji moto Mbita? Unajimwagia ya baridi na unashukuru. Julai upepo ukianza kupiga kutoka ziwani asubuhi, ile koili ya kuchovya kwa ndoo inatolewa chini ya kitanda. Ndoo mbili kwa siku, yuniti 0.35 kila moja, mwezi ukiisha ni yuniti 21 ambazo Februari hazikuwepo. Halafu Agosti shule zinafungwa, watoto wako kejani, TV inawaka kutoka katuni za asubuhi mpaka habari za usiku.

(Kwa wale wako na friji, mwezi wenu mbaya ni mwingine kabisa. Friji inachoka wakati wa joto, Januari mpaka Machi, hasa kama unauza soda na mlango unafunguliwa kila dakika mbili. Mama wa samaki mwenye friza hapa mjini hajui habari ya Julai. Yeye "winter" yake ni Februari.)

Sasa yuniti 21 zaidi, hata kama ni nyingi, hazielezi zile kelele zote. Hapa ndipo mambo yanakuwa matamu, ama machungu, inategemea uko upande gani wa mstari.

Mstari wenyewe ni 30

Kenya hakuna bei ya stima ya msimu wa baridi kwa nyumba. Afrika Kusini, Eskom inalipisha wateja wake wakubwa bei ya juu Juni mpaka Agosti, na imeandikwa wazi. Sisi hapana. Kwetu bei inafuata kiasi unachotumia, na EPRA ndiyo inapanga. Kwa jedwali lililoanza 1 Aprili 2023, ukitumia mpaka yuniti 30 kwa mwezi ulikuwa unalipa Sh12.22 kwa yuniti. Ukipita 30 mpaka 100, Sh16.30. Ukipita 100, Sh20.97. Hizo ni kabla ya ushuru na makato. Tangu hapo bei zimesongasonga kidogo, lakini ngazi ni zile zile tatu.

Kitu wengi hawajui ni hiki: ukivuka 30, si zile yuniti za juu tu zinapanda bei. Zote zinapanda, kuanzia ya kwanza. Na Kenya Power haiangalii mwezi huu peke yake. Inaangalia wastani wa miezi mitatu ndiyo ijue wewe ni mtu wa ngazi gani.

Kaa na hiyo kidogo, maana ndiyo jibu la Septemba.

Wacha nikupe nyumba moja ya kuwaza. Machi walitumia 25, Aprili 25, Mei 26. Hao ni watu wa chini ya 30, wako sawa. Juni koili imetoka chini ya kitanda, wametumia 36. Julai 38. Lakini Juni bado wanalipa bei ya chini kwa sababu nyuma yao kuna 25, 25 na 26. Julai pia, kwa sababu 25, 26 na 36 wastani wake ni 29. Wanaona mambo ni poa. Wanajiambia hii koili haina maneno.

Agosti upepo umetulia, wameirudisha koili, wametumia 25. Lakini sasa miezi mitatu ya nyuma ni 26, 36 na 38, wastani 33. Wamevuka. Zile yuniti 25 za Agosti wanazilipia Sh16.30. Septemba wametumia 24, na bado wako juu, kwa sababu nyuma kuna 36, 38 na 25, wastani 33 tena. Mpaka Oktoba ndipo wanarudi chini.

Umeona huo mchezo? Walipotumia sana walilipa bei rahisi, na walipobana matumizi wakalipa bei ya juu. Tofauti ya miezi hiyo miwili ni kama soo mbili, na ukiweka makato inafika mia mbili arobaini hivi. Kwa mtu wa Westlands hiyo ni chai. Kwa mtu anayeanika omena hapa ufuoni na kuuza kwa gorogoro, hiyo ni chakula cha siku kwa nyumba nzima. Na kibaya zaidi ni kwamba hawezi kuelewa alichokosea, kwa sababu Septemba hajakosea chochote.

Ndiyo maana ukisikia mtu akisema "tokeni za mwezi huu zimechezewa," usimcheke haraka. Anaona kitu cha kweli. Ni vile tu kosa liko miezi miwili nyuma.

Kulikuwa na wakati mstari ulikuwa 100

Kama unakumbuka 2022 kama mwaka stima ilikuwa rahisi, hujachanganyikiwa. Januari 2022, serikali ya Uhuru ilikata bei kwa asilimia 15, na mtu wa chini ya yuniti 100 akawa analipa Sh7.70. Narudia, chini ya 100, si 30. Hiyo ilikuwa karibu nyumba zote za huku unazoweza kufikiria, hata za walimu wenye friji ndogo. Mwaka ukaisha, nafuu ikaisha nayo, na Aprili 2023 mstari ukashushwa mpaka 30.

Chukua nyumba ya yuniti 40. Mwaka wa 2022 stima yenyewe, bila makato, ilikuwa Sh308. Aprili 2023 ikawa Sh652. Hakuna koili mpya hapo, hakuna mtoto amezaliwa.

Hoja ya kushusha ilikuwa kwamba bei nafuu iwafikie maskini kabisa, si kila mtu. Mimi naona hiyo hoja ina akili kwa makaratasi. Yuniti 30 zinatosha taa, simu, redio, TV ndogo. Lakini ukimpa mtu stima halafu umwambie akipasha ndoo mbili za maji kwa siku amekuwa tajiri, hapo umemchezea. Majirani wetu Tanzania, mteja wao mdogo wa LUKU, yule wa D1, anakaa kwa bei ya chini mpaka yuniti 75. Huyo anaweza kupasha maji na bado alale.

Na wewe wa ploti ya mita moja, kaa hapa mbele

Hii ndiyo ilinifanya niandike. Ploti nyingi hapa mjini, na hata ng'ambo ya daraja kule Rusinga, ni vyumba vinane kumi kwa mstari, mita moja. Mwenye ploti ananunua tokeni, halafu anagawanya kwa vyumba. Ama kila mtu anachanga mia mbili, mia tatu, na mmoja ananunua. Yangu iko hivyo.

Sasa fikiria vyumba vinane. Kila chumba taa, simu, TV, pasi mara moja moja, yuniti 20 kwa mwezi. Kila mmoja wetu, angekuwa na mita yake, angekuwa chini kabisa: yuniti 20 mara 12.22, Sh244. Lakini mita haijui kuna watu wanane. Mita inaona mtu mmoja mkubwa sana wa yuniti 160, na mtu wa yuniti 160 ni wa ngazi ya juu, Sh20.97. Jumla inakuwa Sh3,355, na gawio la kila chumba ni Sh419.

Yaani mimi ninayetumia balbu mbili na laptopu ninalipa bei ya mtu mwenye shawa tatu na oveni. Tofauti ni Sh175 kwa kila chumba kila mwezi. Weka makato, inapita mia mbili. Zidisha kwa mwaka mzima utoke ukatembee kidogo.

Na hapo Julai ina maajabu yake, kwa sababu kwenye ploti kama yetu baridi haibadilishi ngazi hata kidogo. Tayari tuko juu, hakuna pa kupanda tena. Kinachobadilika ni ugomvi. Chumba namba tatu akianza kupasha maji na koili, wote tunamlipia, na kila yuniti yake ni ile ya bei ghali. Kila asubuhi mita inasikika ikilia, watu wanatoka nje na miswaki mdomoni wanaangaliana. Hakuna mtu amewasha kitu. Hakuna!

Hayo makato mengine sitakaa nayo sana. Ukiangalia SMS yako vizuri kuna kiasi cha tokeni na kuna makato mengine. Humo ndani kuna VAT ya asilimia 16, kuna asilimia 5 ya kusambaza stima vijijini, kuna ya EPRA, kuna ya maji. Halafu kuna mbili zinazobadilika kila mwezi na kuchapishwa kwa Gazeti Rasmi: ya mafuta na ya dola. Ya mafuta inafuata ni kiasi gani cha dizeli na mafuta mazito kimechomwa kutengeneza stima. Mvua ikiwa nzuri, mabwawa ya Tana yakijaa, inashuka. Hata Sondu Miriu hapa karibu, ambayo inategemea mto na haina bwawa kubwa la kuweka akiba, kiangazi inapunguza kazi. Na usisahau kuna vituo vya dizeli vya sehemu ambazo laini kubwa haikufika, hata Mfangano hapo mbele yetu ilipewa kituo chake. Ya dola ni kwa sababu stima nyingine, na madeni ya mitambo, inalipwa kwa pesa za nje. Shilingi ilipoporomoka mpaka kama 160 kwa dola Januari 2024, ulilipia hiyo kwa tokeni bila kujua. VAT nayo inahesabiwa mpaka juu ya hizo mbili, ndiyo maana zikipanda unapigwa mara mbili.

Kama uko dayaspora na unasoma hii ukiwa Minnesota ama Birmingham na blanketi miguuni, najua unacheka. Winter yako ni ya kweli. Uingereza mwaka wa 2022 bei ya gesi ilipanda baada ya Urusi kuvamia Ukraine mpaka serikali ikaweka kizuizi, nyumba ya kawaida ilipe kama pauni 2,500 kwa mwaka. Lakini wewe angalau ukiangalia kipimajoto unajua kwa nini bili imepanda. Hapa mtu anapandishiwa na hesabu ambayo haijaandikwa mahali popote kwa SMS yake. Hakuna mstari unaosema "wastani wako ni 33, umevuka." Mstari mmoja tu ungetosha, na sijui mbona hauko.

Kitu unaweza kufanya leo jioni: zima kila kitu kejani, chomoa hata friji dakika mbili, halafu nenda uangalie ile taa ndogo nyekundu ya mita. Ikikaa bila kupepesa, uko sawa. Ikipepesa, kuna kitu kinavuta, labda waya imechakaa, labda jirani amekuja kwako bila kubisha. Kwa mita nyingi imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake ikipepesa mara elfu moja ni yuniti moja imeenda. Washa koili halafu uangalie ile taa. Itakupa somo haraka kuliko mimi.

Kama uko na mita yako na unakaa kwa 26, 27 hivi, linda ile 30 kama simu yako stejini. Andika yuniti ulizotumia kila mwisho wa mwezi, si pesa ulizonunua. Mwezi mmoja mbaya unaweza kubebwa na miwili mizuri. Miwili mibaya ikifuatana, hesabu imekushinda.

Kwa ploti, dawa ni kila chumba mita yake, na hiyo haiko mikononi mwa mpangaji. Jumamosi nilienda kumuona mzee wetu mwenye ploti na karatasi yangu ya hesabu. Nilimpata akikaa nje na redio.

"Jaduong', hii ploti inalipa elfu moja mia nne zaidi kila mwezi, bure."

Akachukua karatasi, akaivuta mbali na macho vile wazee hufanya. "Inalipa nani?"

"Sisi."

"Basi si mimi, nyathina."

Nikamwambia ni kweli, lakini wawili wamehama mwaka huu kwa sababu ya hii stima, na vyumba vyao vilikaa tupu miezi. Hapo akazima redio. Akauliza mita nane ni pesa ngapi na nani anaomba, yeye ama wapangaji. Nikamwambia Jumatatu nitaenda kuuliza. Akaniambia nikienda nibebe namba ya mita, akaingia ndani kuitafuta karatasi yake, na alikaa huko muda mrefu sana.